Tangawizi Ndani ya Chupa ya Meding

Chupa ile nimeiosha mara nane. Nimeiosha kwa sabuni, kwa majivu, kwa maji ya mchele, kwa ndimu. Nimeianika juani siku mbili mdomo wazi. Ukiinusa bado inanuka tangawizi. Si harufu kubwa, lakini ipo, na mwenye chupa ni Meding, mtu ambaye akipita mlangoni kwako anajua kama jana ulikaanga samaki.

Nianze mwanzo, maana najijua. Nikiachwa nitazungukazunguka nikijitetea mpaka mtu anionee huruma, na huruma siitaki.

Nyumbani kwetu kila Jumatano Kuu tunaimba mateso ya Bwana Yesu. Ni nadhiri ya marehemu mama yangu. Mwaka ambao kaka yangu alianguka kutoka juu ya mnazi, akalala siku tatu bila fahamu kisha akaamka akaomba wali, mama aliahidi mbele ya altare kwamba madamu nyumba hii ina paa, mateso yataimbwa humu kila mwaka, kitabu kizima, bila kukatika. Mmoja akichoka mwingine anadakia. Tunaanza alfajiri, na tukiwa na waimbaji wazuri tunamaliza jioni kengele ya kanisa ikilia.

Na kinachoendesha kazi yote hiyo ni tangawizi. Kila nyumba inayoimba ina sufuria yake jikoni. Unachukua tangawizi iliyokomaa mpaka ikawa na nyuzi, unaiponda na maganda yake, unaichemsha hadi maji yawe na rangi ya udongo, unatia sukari guru. Inafungua koo. Huku kwetu mwenye sauti mbovu akianza kuimba anaulizwa kama kwao tangawizi imekwisha. Tena haihesabiwi kuwa chakula. Aliyefunga anakunywa, padri anakunywa, na hakuna atakayesema umefungua. Ndiyo maana hakuna anayehesabu vikombe.

Mwimbaji wetu mkuu ni Apolonia, mama yangu wa ubatizo. Sisi mama wa ubatizo tunamwita Ninang, na mimi nimemwita Ninang Poleng tangu nilipojua kusema. Ana miaka sabini na minne. Kanisa lilishamruhusu asifunge tangu alipotimiza sitini, naye anafunga, ati Yesu hakuulizwa umri. Kijiji kizima ni yeye tu aliyebaki anayejua mahadhi ya zamani, yale aliyoimba mama yangu. Vijana wa siku hizi wanaimba kwa gitaa, utadhani wanamtongoza mtu.

Mwaka jana moyo ulianza kumpiga ovyo. Daktari akampa kidonge cha kuifanya damu iwe nyepesi, isigande ikampanda kichwani. Bintiye Meding ndiye anayempa. Kila jioni saa kumi na mbili, siku nyingine kimoja, siku nyingine kimoja na nusu, halafu anatia alama kwenye kalenda. Meding hakuolewa, anauza kwenye duka la vitambaa mjini, na mama yake ndiye kila kitu chake duniani. Hilo nililijua vizuri.

Jumatano ile alimleta mama yake alfajiri, akamketisha mbele ya kipaza sauti, kisha akanivuta jikoni.

"Dada Ising, nisikilize. Mama asinywe tangawizi."

"Asinywe vipi? Amekuja kuimba mateso, hakuja harusini."

"Daktari amesema. Ya kwenye supu haina neno, kipande juu ya samaki hakina neno. Lakini hii yenu inayochemka ikawa nyeusi, kikombe juu ya kikombe, na dawa ile anayokunywa, hapana. Na tumbo lenyewe tupu. Si unamjua na kufunga kwake."

"Tangawizi ni mboga, Meding."

"Basi hiyo mboga asinywe." Akanipa chupa yake ya chai, ya bluu, mfuniko una ufa. "Maji vuguvugu. Yakiisha mwongezee. Ningekaa mwenyewe lakini dukani wamenikatalia ruhusa."

"Nimesikia, mwenzangu. Mimi si mtoto."

"Najua si mtoto. Ndiyo maana nakuachia wewe."

Nilisikia. Nataka hilo lieleweke mapema. Sikusahau, sikuchanganya chupa, wala hakuna aliyenidanganya. Nilisikia neno kwa neno.

Asubuhi ilikwenda vizuri. Ilipofika saa saba mchana joto likashuka juu ya mabati, na sauti ya Ninang ikaanza kukatika. Mwanzoni alipoteza zile noti za juu, baadaye hata za kati zikawa zinakwaruza. Na wakati huohuo, ng'ambo ya barabara, kwa kiongozi wa mtaa, walikuwa na mateso yao pia, ya gitaa, na spika ndefu kuliko mtu. Watu wetu wakaanza kuchoropoka mmoja mmoja. Binamu yangu wa damu alisema anakwenda chooni. Dakika tano baadaye namsikia anaimba kule.

Iliuma. Nasema kweli, iliuma kuliko inavyostahili kumuuma mtu wa miaka hamsini na mbili. Tulikuwa tunakaribia pale Bikira Maria anapokutana na mwanawe njiani amebeba msalaba. Mama yangu alikuwa akifika hapo kijiji kinanyamaza. Nilitaka mwaka huu kinyamaze tena. Nilitaka wale wa gitaa wanyamaze.

Nikampelekea Ninang maji yake. Akanywa funda moja, akanitazama.

"Ising, hii nini?"

"Maji, Ninang."

"Naona ni maji. Hata bata anakunywa maji. Niletee kitu cha mtu."

"Meding amekataza."

"Meding amezaliwa mimi nimeshaimba miaka kumi. Mwanangu, sehemu ya Mama inakuja, na mimi koo limekuwa kama gunzi la mahindi. Utanisikia nikimwaibisha Bikira?"

Ningeweza kusema hapana. Ningeweza kumpumzisha, tukaimba sisi wengine kwa mahadhi yoyote, na nadhiri ingetimia vilevile, kwa sababu mama aliahidi kuimba, hakuahidi kushinda. Nilirudi jikoni, nikamwaga maji ya Meding kwenye kopo la maua, nikajaza chupa kwa tangawizi. Wala sikuteka ya juu. Niliteka ya chini ya sufuria, nzito, ile inayochoma mpaka masikioni.

Mume wangu Doro alikuwa mlangoni na nyaya za spika mkononi.

"Hiyo si chupa ya Meding?"

"Ni chupa tu."

"Meding alisema maji."

"Wewe hangaika na spika zako."

Alinitazama kidogo, akaenda. Doro hapendi ugomvi, na siku ile nilishukuru kwamba hapendi.

Ninang alikunywa vikombe viwili mfululizo, akafuta mdomo, akafumba macho. Sauti ikarudi. Jamani, ilirudi. Alipoingia sehemu ya Mama, nilisikia gitaa la ng'ambo likipungua, likapungua, likakoma. Watu wakavuka barabara wakaja kusimama uani kwetu kimya, kofia mkononi. Binamu yangu naye alirudi, hakunitazama usoni. Mimi nililia, na nakiri kwamba machozi yale nusu yake hayakuwa ya Yesu. Chupa ilipokwisha nilijaza tena. Hakuna mtu aliyeona ajabu, kwa sababu nani angeona ajabu mwimbaji akinywa kutoka kwenye chupa.

Kengele ilipolia tulikuwa tumefika mwisho. Meding akaja na nguo zake za dukani.

"Alikunywa maji?"

"Chupa mbili," nikasema.

Alinishika bega, akanishukuru. Alipotaka kuichukua chupa nikamwambia aiache, nitaiosha kwanza. Hapo ndipo nilipojua moyoni kwamba nimefanya jambo. Mtu asiye na kosa anakurudishia chupa chafu.

Kesho yake, Alhamisi Kuu, kabla ya saa mbili asubuhi, mtoto wa jirani alikuja kutuita. Ninang alikuwa ametokwa na damu puani tangu alfajiri, haikatiki. Mikono ilikuwa na madoa ya zambarau kama amepigwa. Alikwenda chooni akatoka akisema choo chake ni cheusi kama lami, kisha akaanguka mlangoni. Tulimbeba kwa bajaji mpaka hospitalini, kichwa chake mapajani pa Meding, kanga ya Meding imelowa damu.

Daktari alikuwa binti mdogo mwenye miwani. Aliuliza haraka haraka.

"Jana alikula nini?"

"Hakula kitu," Meding akasema. "Alifunga."

"Alikunywa nini?"

Meding akanigeukia. "Dada Ising ndiye aliyekuwa naye kutwa."

"Maji," nikasema. "Vuguvugu."

"Hakuna mitishamba? Vitunguu saumu? Tangawizi?"

"Maji tu, kama Meding alivyosema."

Yalinitoka hivyo, laini, bila kikwazo. Daktari akaandika. Kisha akamwuliza Meding kuhusu vidonge. Meding akatoa kalenda mkobani. Kidole chake kikashuka taratibu mpaka Jumanne, kikasimama. Jumanne haikuwa na alama.

"Ulimpa?"

"Nilimpa. Nadhani nilimpa." Nikaona midomo yake inabadilika rangi. "Nilirudi nimechoka. Labda nilimpa, nikasahau, nikampa tena. Mungu wangu. Labda nilimpa mara mbili."

"Inatokea," daktari akasema, kwa upole, na upole ule ndio uliommaliza Meding. Aliketi sakafuni palepale akajifunika uso.

Mimi nilikuwa nimesimama hatua mbili kutoka kwake. Neno moja tu lilihitajika. Nilimshika kichwa, nikamwambia anyamaze, kila mtu anakosea. Hayo ndiyo niliyosema, mimi, kwa mdomo wangu huu.

Ninang aliongezewa damu mifuko miwili. Pasaka ilimkuta kitandani, amepauka lakini ana maneno. Nilipokwenda kumwona, Meding alikuwa ametoka kununua maji. Ninang akanivuta sikio karibu na mdomo wake.

"Usiseme kitu. Meding atakutafuna mzima. Mimi ndiye niliyeomba."

"Ninang, anadhani ni yeye."

"Itampita. Yule tangu mdogo ni mtu wa kujilaumu." Meding alipoingia, Ninang akapaza sauti: "Huyu Ising ni mchoyo wa kupindukia. Kutwa nzima ananipa maji, kama nimekuja kwake kufua."

Meding alicheka, kisha akalia katikati ya kicheko. Nami nikakaa pale na machungwa yangu niliyoleta, bikizee wa watu anasema uongo siku ya Pasaka kwa ajili yangu, na nikamwacha aseme.

Nilikwenda kuungama. Padri alinipa sala za kusali, akaniambia pia nimwambie Meding. Sala nilisali.

Walirudi nyumbani. Kila asubuhi nikawa nampelekea Ninang uji. Meding ananipokea bakuli, ananiambia Mungu anibariki, na kila mara anauliza: "Dada Ising, ile chupa yangu?" Nasema kesho. Nikirudi naiosha tena. Doro ananiona niko kwenye beseni, anawasha redio.

Siku ya kumi na mbili tangu siku ile ya kuimba, nilifika jioni badala ya asubuhi. Kengele ilikuwa inalia. Meding alikuwa ameketi mezani, mbele yake kuna kile kisanduku cha vidonge chenye vyumba saba, na vyumba vitatu vya siku zilizopita vimejaa.

"Hivi vya juzi mbona vipo?" nikauliza.

Aliangalia mlango wa chumba cha mama yake, akashusha sauti. "Simpi."

"Humpi nini?"

"Daktari aliniambia nianze tena. Kanionyesha kipimo kipya, kaniandikia. Lakini nikishika kidonge mkono unatetemeka, Dada. Nahesabu kimoja, nadhani ni viwili. Navirudisha. Bora asinywe kabisa kuliko nimwue mwenyewe kwa mkono wangu."

"Daktari si alisema bila kidonge damu inaganda? Ikipanda kichwani?"

"Alisema."

"Alisema nini hasa?"

"Kwamba ataamka siku moja hajui jina lake. Au hataamka." Machozi yalikuwa yanamtiririka bila yeye kuyajali. "Lakini hiyo itakuwa kazi ya Mungu. Ile nyingine ilikuwa yangu."

Kutoka ndani nilimsikia Ninang akikohoa na kuimba kidogo, kwa sauti ya chini, mahadhi yale yale.  Uongo wangu haukuwa umelala mahali ukisubiri nifike kuungama tena. Ulikuwa mezani pale, vyumba vitatu, unaendelea kufanya kazi.

Nikamwambia nakuja sasa hivi. Nikatembea mpaka nyumbani. Chupa ilikuwa dirishani. Doro alikuwa anakata kucha.

"Bado inanuka?" akauliza.

"Inanuka."

"Basi ipeleke hivyo hivyo inavyonuka."

Meding alikuwa hajatoka mezani. Nikaweka chupa mbele yake, nikafungua mfuniko.

"Inuse."

Alinitazama kama mtu anayedhani anataniwa. Akainama, akanusa. Akanusa tena, polepole, macho yamefumba. Alipoyafumbua hakuwa analia tena.

"Lini?"

"Jumatano ile."

"Vikombe vingapi?"

"Chupa mbili. Vikombe sikuhesabu."

"Nilipokwambia, ulisikia?"

"Nilisikia."

"Ulielewa?"

"Nilielewa."

Ninang akaita kutoka chumbani: "Meding, usimwonee mwenzako. Mimi ndiye niliyeomba."

"Mama, nyamaza. Wewe uliomba. Aliyeambiwa ni yeye." Hakupaza sauti. Heri angepaza. "Siku kumi na mbili naamka naitazama mikono yangu. Na wewe ulikuwa unaniletea uji."

 Nilisema samahani, na neno lenyewe likasikika dogo, la mtu aliyekukanyaga sokoni.

Alichukua simu akampigia daktari, akamweleza yote, jina langu akalitaja wazi. Nilisimama nikasikiliza. Daktari alisema hawezi kuapa kwamba ni tangawizi. Inaweza kuwa tangawizi nyingi ile pamoja na dawa, inaweza kuwa tumbo tupu, inaweza kuwa uzee, inaweza kuwa vyote. Alisema angependa kuyajua haya siku ile ile. Alisema kidonge kianze leo, kama alivyoandika, na kesho mama aletwe apimwe damu.

Meding akafungua kisanduku, akatoa kidonge cha siku hiyo.  Akaninyoshea mimi.

"Mpe wewe."

"Mimi?"

"Kuanzia leo. Kila siku kengele ikilia uwe hapa. Ukiumwa njoo unaumwa. Mimi nitatia alama kwenye kalenda, lakini mkono utakaompa ni wako. Nataka ujue inavyokuwa."

Sasa ni mwezi wa tano. Ninang alipimwa, damu yake iko sawa, ananenepa, anaanza kunitania. Anasema mwakani ataimba kwa maji ya bata na atawashinda wa gitaa vilevile. Sijui. Mimi ninachojua ni barabara ile kutoka kwangu hadi kwao saa kumi na mbili kasoro, mvua ikinyesha au isinyeshe. Najaza kikombe mwenyewe, nahesabu kidonge mara tatu, namwona anameza. Usiku namwuliza Doro kama anakumbuka nilikwenda, na yeye ananiambia nilikwenda.

Meding hanichukii hadharani. Ananikaribisha kiti, ananiita Dada kama zamani. Lakini nikitoka chumbani kwa mama yake anakuwa mezani na kalamu yake.

"Umempa nini?"

"Kidonge kimoja na nusu, na maji."

"Na nini kingine?"

"Hakuna kingine."

Anatia alama. Kisha ananyosha mkono nampa kikombe, anakinusa mbele yangu, na mimi nasimama pale mpaka amalize.